Ukienda porini, beba maji na akili timamu

MTU wa mjini akichoshwa na kelele za magari hutamani pori. Ndiyo sababu si ajabu siku hizi kuwaona vijana wa Nairobi, Mombasa au Nakuru wakifunga mizigo Ijumaa jioni kwenda kulala nje. Hubeba hema, kisu, sufuria na kiberiti. Wakifika hujifunza kuwasha moto, kutafuta maji na kushika njia kwa kulitazama jua. Ni burudani njema. Mwili uliokaa kitini wiki nzima hupata mazoezi, na akili nayo hupumzika.

Hata hivyo, katika mizigo ya baadhi yao huwamo pia msokoto wa bangi. Hukosi hata kumsikia mmoja akisema kwamba kuotesha miche yake vichakani, mbali na macho ya watu, ni sehemu ya maisha ya porini. Makala haya yanakueleza, mpenzi msomaji, mambo ambayo pori huufanyia mwili wako, jinsi wenyeji wa pori wanavyojikinga, na kwa nini bangi na safari ya porini havipatani.

Darasa la Sangailu

Tuchukue Sangailu iwe darasa letu. Mahali hapa pako kusini mwa kaunti ya Garissa, katika eneobunge la Ijara, upande wa kuelekea mpaka wa Somalia. Ni nchi tambarare ya vichaka vya miiba na migunga. Kadiri unavyokaribia bahari ndivyo vichaka vinavyozidi kushikana hadi vikawa msitu wa Boni, ambao sehemu yake ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1976. Wenyeji wengi ni Wasomali wanaofuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Upande wa msitu wako Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, watu ambao tangu jadi waliishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Hatukutumi huko kutalii. Eneo la msitu wa Boni limekuwa na shida ya usalama kwa miaka mingi, na Septemba 2015 serikali ilianzisha Operesheni Linda Boni ili kuwaondoa wapiganaji wa Al-Shabaab waliojificha humo. Msomaji anayetaka kulala porini anazo sehemu nyingine nyingi nchini. Tunaitaja Sangailu kwa sababu wenyeji wake wanafanya kwa lazima, siku baada ya siku, yale ambayo wewe unayafanya kwa kujifurahisha. Kwao ni kazi na riziki, na anayekosea hulipa kwa afya yake.

Kiu huua kuliko simba

Mtu wa mjini akiwaza hatari za porini huwaza simba, chui na nyati. Mfugaji huwaza maji kwanza. Kaskazini Mashariki joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita. Wasomali huugawa mwaka katika misimu minne, na ule unaoogopwa zaidi ni jilaal, kiangazi kikali cha kati ya Januari na Machi, wakati upepo ni mkavu na silanga nyingi zimebaki matope.

Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wako ni maji. Unapotembea juani, mwili hutoa jasho ili upoe, na mtu anayetembea kwa nguvu kwenye joto kali anaweza kupoteza lita 1 ya jasho kwa saa moja. Akishapoteza maji yanayolingana na asilimia 2 tu ya uzito wake, yaani kilo 1 na robo hivi kwa mtu wa kilo 65, nguvu huanza kupungua na fikira huanza kulegea. Hilo la pili ndilo baya zaidi. Mtu aliyepungukiwa na maji huamua vibaya bila kujua kwamba anaamua vibaya: hukata njia ya mkato asiyoijua, huacha mzigo wenye maji, huwaacha wenzake.

Dalili za mwanzo ni rahisi kuzitambua. Mkojo hupungua na kuwa wa rangi nzito kama chai ya rangi. Kichwa huuma. Mtu hukasirika ovyo. Misuli ya miguu hukaza. Hapo tafuta kivuli, pumzika na unywe maji kidogo kidogo. Ukiwa na chumvi na sukari, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Dawa hii ambayo akina mama huwapa watoto wanaoharisha inamfaa pia mtu mzima aliyetoka jasho jingi, kwa sababu jasho huondoka na chumvi. Usinywe maji matupu lita baada ya lita bila kula chochote, maana chumvi ya damu ikishuka mno nayo huleta kizunguzungu na hata degedege.

Hatua ya hatari ni pale joto la mwili linapopita nyuzi 40. Mgonjwa huanza kupayuka, huyumba kama mlevi, au huzirai. Ngozi yake huweza kuwa kavu na ya moto, ingawa wengine huendelea kutoka jasho. Huyu yuko katika hatari ya kufa. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kuacha huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitalini. Asiyejitambua usimnyweshe kitu, kwani maji yataingia mapafuni.

Sasa tazama afanyavyo mfugaji. Huanza safari alfajiri, jua likiwa bado changa. Kuanzia saa tano hivi mchana hadi saa tisa huketi chini ya mti na mifugo yake. Nguo zake ni pana na nyepesi, zinafunika mwili, na kichwa hakiachwi wazi. Wewe ufanye vivyo hivyo. Kaptura na fulana isiyo na mikono ni vazi la ufukweni. Porini jua na miiba vitakuonyesha kosa lako. Kwa siku moja ya kutembea kwenye joto la namna hiyo, kadiria lita 5 au 6 za maji kwa kila mtu, mbali na yale ya kupikia.

Si kila maji ni ya kunywa

Ukikuta silanga, kumbuka kwamba ng'ombe, punda, fisi na nyani wamekutangulia. Maji ya namna hiyo huweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Kenya ilipatwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu kuanzia Oktoba 2022, na kaunti ya Garissa ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika.

Yachuje maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe hadi yatokote kwa dakika 1 au zaidi. Kama huna kuni, tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Kama huna dawa pia, jaza maji yasiyo na tope katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, uilaze juani kwa saa 6. Siku ya mawingu iache juani siku mbili. Miale ya jua pamoja na joto huua vijidudu vingi.

Mto uliokauka haujakosa maji. Wenyeji huchimba mchangani, hasa kwenye kingo za nje za kona za mto, na maji hujikusanya polepole. Maji hayo yamechujwa na mchanga kiasi, lakini yachemshe vilevile.

Mgeni akikaribishwa katika nyumba ya mfugaji hupewa maziwa. Ni heshima, na si vizuri kuikataa. Lakini yafaa ujue kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia huweza kuambukiza brusela, ugonjwa unaoleta homa ya kuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi mingi. Omba kwa adabu chai ya maziwa iliyochemka. Hakuna atakayekasirika.

Wadudu, mvua na kichuguu

Baada ya kiangazi huja mvua, na mvua ina mambo yake. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilifurika Kaskazini Mashariki, na mnamo Desemba homa ya Bonde la Ufa ikathibitishwa Garissa. Ijara ilikuwa kati ya sehemu zilizopigwa sana. Ugonjwa huu uligunduliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mbu wanaoueneza hutaga mayai pembeni mwa mabwawa yanayokauka, na mayai hayo hukaa udongoni kwa miaka, yakisubiri mafuriko. Mifugo huugua, mimba huharibika, na watu wanaochinja au kugusa damu na nyama mbichi huambukizwa. Kabla mlipuko huo haujakwisha mwaka 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya.

Fundisho kwa mpenda pori ni hili: usichinje wala kula nyama ya mnyama uliyemkuta mgonjwa au mfu, na usiguse mimba iliyotoka. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Vaa mikono mirefu kuanzia machweo. Kama unatoka sehemu zisizo na malaria, muulize daktari kuhusu vidonge vya kinga kabla ya safari.

Kuna kidudu kingine, kidogo kuliko mbu, kinachoruka kimya bila mlio. Ni usubi wa mchangani. Huyu hueneza kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu na kumkondesha mgonjwa hadi afe asipotibiwa. Wajir na Mandera zilipatwa na mlipuko wake mwaka 2000 na 2001. Mchana usubi hujificha katika nyufa za udongo na matundu ya vichuguu, na jua likizama hutoka. Kwa hiyo kichuguu si kiti cha kupungia upepo wa jioni, na hema lisipigwe karibu nacho.

Kila jioni jikague kupe, hasa kwapani, kinenani na nyuma ya masikio. Kupe akikukamata, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu bila kumpindua. Usimchome kwa sigara wala kumpaka mafuta ya taa.

Nyoka akikuuma

Mnamo Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Shirika hilo hukadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni wakulima na wafugaji.

Katika nchi kavu ya mashariki mwa Kenya wako moma, ambaye hulala njiani bila kusogea hadi umkanyage, na swila wanaotema sumu. Mmoja wa swila hao alitambuliwa na wataalamu kuwa aina ya pekee mwaka 2007 tu, naye ndiye mkubwa kuliko wote wanaotema sumu duniani. Alipewa jina la James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu.

Nyoka wengi huuma mguu au mkono uliotiwa mahali pasipoonekana. Vaa viatu vinavyofunika kifundo. Usiku tembea na tochi. Usiinue gogo kwa vidole. Ligeuze kwanza kwa fimbo. Kung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvivaa, maana nge naye hupenda joto la kiatu.

Mtu akiumwa, usikate jeraha kwa wembe, usinyonye sumu kwa mdomo, na usifunge mguu kwa kamba ya kuzuia damu. Watu wamepoteza miguu kwa kufungwa namna hiyo. Mtulize, mvue pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujaanza, ufunge kijiti kando ya kiungo ili kisitikisike, kisha umbebe hadi hospitali yenye dawa ya sumu. Kama sumu imetemwa machoni, yaoshe kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha muone daktari.

Miti mizuri na miti mibaya

Waaweer wanaijua miti kama wewe unavyozijua barabara za mtaa wako. Wanajua mbuyu una maji katika uwazi wa shina, na kwamba ubuyu ni chakula chenye vitamini C nyingi. Wanajua mswaki ni mti wa kusafishia meno, jambo ambalo hata wataalamu wa meno wamelikubali.

Wanajua pia msunguti. Mti huu, wenye majani mazito ya kijani kibichi na matunda madogo, hupikwa na kutoa sumu ya mishale. Sumu yenyewe huitwa uabaini katika vitabu vya dawa, na jina hilo limetokana na neno la Kisomali waabaayo, maana yake sumu ya mshale. Wanakemia wa Ufaransa waliichuja mwaka 1888, na kwa miaka mingi madaktari wa Ulaya waliitumia kwa kiasi kidogo sana kutibu moyo. Kiasi kikubwa husimamisha moyo. Ndiyo maana mtu asiyeijua miti hatakiwi kukata kijiti chochote tu akachomee nyama, wala kutafuna jani au tunda asilolijua eti kwa sababu nyani au ndege amelila. Tumbo la ndege si tumbo lako.

Asali nayo ina elimu yake. Kuna ndege aitwaye mlembe ambaye humwita mtu kwa mlio na kumwongoza, mti hadi mti, mpaka penye mzinga. Mtu hupata asali, naye ndege hupata nta na mabuu. Wataalamu wawili, Isack na Reyer, walichunguza jambo hili miongoni mwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 wakaandika kwamba mrina asali asiyeongozwa alihitaji kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga, lakini akiongozwa na ndege saa 3.2 zilitosha. Hapo utaona kwamba ujuzi wa porini ni kusikiliza na kutazama kwa makini.

Umakini huo ndio bangi huuondoa kwanza.

Bangi hufanya nini mwilini

Bangi ina kemikali nyingi, na iliyo kubwa kwa ulevi huitwa THC. Ikivutwa hufika kwenye ubongo kwa dakika chache. Ikiliwa katika keki au chai huchukua kati ya nusu saa na saa 2, na hapo ndipo wengi hudanganyika: huona hawajasikia kitu, huongeza, kisha vyote huwapanda kwa pamoja wakiwa mbali na msaada.

Moyo huanza kwenda mbio. Mishipa hulegea, hivyo mtu akisimama ghafula huweza kuona giza na kuanguka. Katika sehemu ya mawe na miiba, hiyo ni ajali. Mdomo hukauka. Ukavu huu hauletwi na upungufu wa maji. Unaletwa na bangi kuzizuia tezi za mate. Kwa hiyo ile ishara ya kiu ambayo mtu wa porini huitegemea huvurugika. Hujui tena kama mdomo umekauka kwa sababu ya jua au kwa sababu ya moshi.

Isitoshe, bangi huvuruga hisia ya wakati. Dakika 10 huonekana kama saa, au alasiri nzima ikapita mtu ameketi akicheka. Kumbukumbu ya mambo ya muda mfupi hudhoofika. Je, tulipita kushoto kwa kile kichuguu au kulia? Nani alizima moto? Chupa ya mwisho ya maji iko wapi? Mjini, kusahau mambo kama haya ni kichekesho. Porini, jua likizama, si kichekesho tena.

Madhara hayaishii safarini. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25, na anayeanza kuvuta mapema na kwa wingi hujiongezea hatari ya kupata wazimu wa kusikia sauti na kushuku watu, hasa kama ukoo wake una ugonjwa huo. Moshi huleta kikohozi cha kudumu. Takriban mtumiaji 1 kati ya 10 hufikia kushindwa kuiacha, na walioanza wakiwa vijana wako katika hatari kubwa zaidi.

Utasikia watu wakisema kwamba bangi ni dawa. Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini si wote. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya Epidiolex, inayotokana na mmea huu, kwa watoto wenye aina chache za kifafa kikali. Dawa hiyo haina ulevi, imepimwa kiwandani, na hutolewa na daktari. Msokoto hauna kipimo.

Kuipanda je?

Msomaji atauliza: mbona ng'ambo watu huipanda bustanini kama maua? Ni kweli. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mwaka 2018 mtu mzima kuipanda na kuitumia faraghani. Ujerumani iliruhusu Aprili 2024 mtu mzima kuwa na mimea 3 nyumbani. Huko kuna watu wanaoichukua kama burudani ya bustani.

Kenya haimo katika orodha hiyo. Sheria ya mwaka 1994 kuhusu dawa za kulevya inakataza kuipanda, kuiweka na kuiuza, na adhabu ya kifungo ipo. Mahakama haitakuuliza kama ulipanda kwa biashara au kwa kujifurahisha ndipo ikuhesabie kosa.

Pori lenyewe pia huumia. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipopima kwa ndege uharibifu wa msitu wa Mlima Kenya, lilikuta miongoni mwa mengine mashamba ya bangi ya takriban hekta 200 ndani ya msitu. Miti ya asili ilikuwa imefyekwa ili kuyapisha. Anayedai kulipenda pori hawezi kulifyeka kwa siri.

Hapa pana onyo la usalama. Ukiwa matembezini ukikuta shamba la bangi lililofichwa, usiingie, usichume, usipige picha. Mwenyewe huenda yuko karibu, na anayo sababu ya kutotaka kuonekana. Rudi kwa njia uliyojia, kisha uwaarifu askari wa msitu.

Tusisahau miraa, ambayo msafiri wa Garissa ataiona mara nyingi kuliko bangi. Miraa inaruhusiwa na sheria, lakini huondoa njaa na usingizi na kuuharakisha moyo. Mtu aliyekesha akitafuna hahisi uchovu wake, kwa hiyo huendelea kutembea au kuendesha gari wakati mwili umeshakwisha.

Ukipotea

Hata mwenye akili timamu hupotea. Ukigundua hujui ulipo, simama. Keti kivulini, kunywa maji na ungoje hofu ipungue. Wengi walioangamia waliangamia kwa kukimbia huku na huko. Kama ulimwambia mtu njia yako na saa ya kurudi, utatafutwa. Kaa mahali pamoja, washa moto wa moshi mwingi kwenye uwanja ulio wazi na utandaze nguo ya rangi kali. Piga filimbi mara 3, pumzika, rudia. Simu izime kati ya jaribio na jaribio ili betri isiishe.

Kwa hiyo kabla hujafunga mzigo, hakikisha mambo haya: umeuliza hali ya usalama na kupata ruhusa ya wenye hifadhi, umemwachia mtu ratiba yako, una maji ya kutosha na njia ya kusafisha mengine, una chandarua, tochi, filimbi, bendeji na pakiti za chumvi na sukari, na hamko chini ya watu watatu, ili mmoja akiumia wa pili abaki naye na wa tatu aite msaada. Usiwinde, maana uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Moto uzime kwa maji hadi majivu yapoe mkononi.

Na kama wewe au ndugu yako anaona haiwezekani kufurahia safari, au hata siku ya kawaida, bila msokoto, hiyo ni dalili ya kutafuta msaada. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, nambari 1192. Anayepiga hashtakiwi, husikilizwa na kuelekezwa kwa mshauri.

Mfugaji wa Sangailu humfunza mtoto wake kuchunga akiwa mdogo, na somo la kwanza ni kujua maji yako wapi na jua liko wapi. Ukiyajua hayo mawili saa zote uwapo porini, utarudi nyumbani salama.